SUKUMA WIKI WAKATI WA KIPUPWE KATIKA MITAA YA EASTLANDS

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, wakazi wa Eastlands mjini Nairobi hutoa makoti yaliyokuwa yamelala sandukuni. Mawingu ya kijivu hutanda tangu alfajiri, jua huonekana saa nane za mchana au lisionekane kabisa, na jioni wauzaji wa makaa hupata wateja wengi kuliko desturi. Ndicho kipupwe, nacho hukaa mpaka mwisho wa Agosti. Siku hizo mwenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba yake, Kaloleni au Bahati au Umoja, huitazama mistari yake ya sukuma wiki akaona kwamba majani hayakui upesi kama yalivyokuwa yakikua mwezi wa Mei. Mara husema, "Baridi imeua mboga." Wako wanaong'oa mashina yote kwa neno hilo, wakaacha ardhi tupu kungojea mvua za vuli. Hao hujitia hasara bure, maana katika mimea yote inayopandwa Nairobi ni michache inayoipenda baridi kama huu.

Sukuma wiki ni ndugu wa kabichi. Asili yake ni pwani za Ulaya, penye upepo wa bahari na baridi nyingi, na kabichi na jamaa zake zilifika bara ya Kenya pamoja na wamisionari na walowezi. Aina moja ambayo mbegu zake zimekuwa zikiuzwa madukani Nairobi kwa miaka mingi, iitwayo Thousand Headed, huko Uingereza ilikuwa chakula cha kondoo na ng'ombe wakati wa baridi kali, majani ya malishoni yanapokuwa yamekwisha. Aina ya pili, Collards Southern Georgia, ina jina la jimbo la Marekani, na mboga ya namna hiyo imekuwa kitoweo cha Wamarekani Weusi wa majimbo ya kusini tangu siku za utumwa. Wapishi wa huko wanajua vema kwamba jani lililopigwa na umande ulioganda, yaani sakitu, ni tamu kuliko jani lililochumwa katika joto. Sababu yake si uchawi. Mmea ukihisi baridi kali hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na maji yenye sukari hayagandi upesi. Sukari ile ni kinga ya jani lenyewe, na mlaji hupata utamu wake bila kuulipia.

Baridi ya Nairobi haifiki huko. Mji uko karibu mita 1,660 juu ya usawa wa bahari, na katika Julai, mwezi wenye baridi kuliko yote, wastani wa joto la usiku ni kama digrii 11 au 12 za sentigredi, na wa mchana ni 21 au 22. Sukuma wiki hustawi zaidi katika digrii 15 hadi 20. Kwa hiyo anayetetemeka ni mwenye bustani, siyo mboga. Hata Limuru na Kinangop, ambako usiku mwingine sakitu huanguka na kuunguza majani ya viazi, sukuma wiki husimama palepale na asubuhi ikachumwa.

Kinachopungua katika kipupwe ni jua. Nairobi iko digrii moja na kidogo tu kusini ya Ikweta, na mchana wa Julai karibu ulingane na mchana wa Desemba kwa urefu. Lakini mawingu hukaa kati ya jua na bustani kama pazia, na jani ambalo kazi yake ni kupika chakula kwa mwanga hubaki na moto mdogo jikoni. Jani lililokuwa likijaa kiganja kwa juma moja, sasa huenda likataka siku kumi au zaidi. Shina halikufa, wala haliumwi. Linafanya kazi polepole tu.

Wenye haki ya kulalamika juu ya baridi ni wale Wakenya waliohamia Minnesota na Massachusetts, ambao wengi wao hawakukubali kuachana na mboga hii. Huko sakitu ya mwisho huweza kuanguka hata katikati ya Mei, na ya kwanza hurudi mwezi wa Septemba au Oktoba. Mtu ana miezi mitano tu ya kulima, na mara nyingine haitimii. Basi husia mbegu ndani ya nyumba mwezi wa Aprili, kwenye visahani karibu na dirisha, akatoa miche nje Mei ikielekea ukingoni, akaanza kuchuma Julai, na akaendelea mpaka Oktoba au Novemba mboga ikiwa na sakitu mgongoni. Kisha theluji hufunika yote.

Tena kuna jambo moja la huko ambalo humshangaza mtu aliyezaliwa Makadara au Jericho. Shina likijaliwa kuokoka chini ya theluji, majira ya joto yakirudi halitoi majani mengi ya kula, bali hutoa maua ya manjano, kisha mbegu, kisha hufa. Mmea huu huhesabu majuma ya baridi. Ukikaa majuma mengi chini ya digrii 10 hivi, hutambua kwamba mwaka umepita na wakati wa kuzaa umefika. Baridi ya Nairobi haitoshi kuutimizia hesabu hiyo. Ndiyo sababu katika viwanja vya Eastlands shina moja la sukuma wiki huweza kuishi miaka miwili au zaidi, likarefuka kumpita mtoto, uchi chini na shada la majani juu, pasipo kutoa ua hata moja. Wengi wamekula mboga hii maisha yao yote na hawajui ua lake lina rangi gani. Na kwa kuwa halizai mbegu hapa, watu wamejifunza kulizidisha kwa machipukizi, kama inavyoelezwa hapo mbele.

KUANZA KABLA YA BARIDI

Mambo yote ya kipupwe huamuliwa katika mvua za masika. Afadhali mbegu isiwe kitaluni baada ya katikati ya Aprili. Miche hukaa huko majuma manne mpaka sita, nayo huhamishwa ikiwa na majani manne au matano na unene wa kalamu ya risasi. Ikihamishwa Mei, ardhi ikiwa ingali na maji ya mvua, mizizi hupata nafasi ya kushuka kabla jua halijafichwa, na kuchuma kwa kwanza huja majuma sita hadi manane baadaye, yaani kipupwe chenyewe. Anayesia mbegu mwezi wa Juni hatapoteza miche yake, lakini itamchosha kwa kungoja.

Ardhi ya Eastlands inataka neno lake peke yake. Magharibi ya Nairobi, kuanzia Kabete mpaka Dagoretti, udongo ni mwekundu, mwepesi kwa jembe, na maji hupita ndani yake bila taabu. Upande wa mashariki udongo ni mweusi, ule unaonata kwenye viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi. Una rutuba, lakini ukinywa maji hauyaachi. Mizizi ya sukuma wiki ikikaa katika tope baridi kwa majuma mengi hukosa hewa, majani ya chini hugeuka manjano na zambarau, na mwenye bustani husingizia baridi tena. Dawa ni kuinua matuta ya kimo cha shubiri moja, kuacha mfereji kati ya tuta na tuta, na kuchanganya samadi iliyooza vizuri mpaka udongo uvunjike mkononi. Samadi ya kuku yataka kungojwa, kwa maana ikiwa mbichi huunguza mizizi.

Kati ya shina na shina iachwe nafasi ya sentimita 45, na kati ya mstari na mstari sentimita 60. Mwenye kiwanja kidogo huona nafasi hiyo ni ya anasa, akabananisha mashina kama abiria wa matatu ya jioni. Katika miezi ya jua atasamehewa. Katika kipupwe kila jani huuziba mwanga mchache wa jani jirani, umande haukauki mpaka adhuhuri, na ukungu hupata makao.

Mbolea ya dukani ya kukuzia majani huwekwa mimea ikiwa imeshika vizuri, kijiko kidogo cha chai kwa kila shina, mbali kidogo na shina lenyewe, na udongo ukiwa na maji. Wengine wakiona mboga imechelewa huongeza vijiko viwili na vitatu. Hawaongezi jua kwa kufanya hivyo. Wanapata majani laini yaliyojaa maji, ambayo wadudu huyapenda kuliko watoto.

KUCHUMA

Jina la mboga hii lilitoka katika hesabu za mshahara. Ni kitoweo cha kuisukuma wiki mpaka siku ya malipo, na karani yeyote aliyewahi kukaa nyumba ya kupanga anafahamu wiki gani inayosemwa. Hapo ndipo bustani nyingi huharibiwa. Tarehe ishirini ikipita, nyama na samaki zikitoweka mezani, mkono huenda bustanini kila jioni, na shina huvuliwa majani mpaka libaki na kile kishungi cha juu tu, kama mkia wa jogoo.

Shina lililovuliwa hivyo mwezi wa Novemba hurudi upesi, kwa kuwa jua lipo. Likivuliwa hivyo mwezi wa Julai huweza kukaa majuma matatu pasipo jani la maana, kwa kuwa majani ndiyo jiko lake, na jiko limechukuliwa wakati kuni zenyewe ni haba. Sheria ya kipupwe ni kuchuma majani ya chini peke yake na kuacha juu majani matano au sita yaliyokunjuka. Jani lichanwe pamoja na kikonyo chake karibu na shina, lisiachwe kipande cha kuoza. Anayeona kwamba mboga haitoshi nyumba yake na apande mashina mengi zaidi mwaka ujao. Asilidai shina moja kazi ya mashina mawili.

Yafaa pia kukumbuka mwendo wa soko. Baada ya masika mboga hushuka kwa wingi kutoka Limuru, Kinangop na Kiambu mpaka soko la Wakulima, ambalo watu hulijua zaidi kwa jina la Marikiti, na fungu la mama mboga huwa kubwa kwa bei ileile. Kwa hiyo anayelima mtaani haokoi fedha nyingi katika Juni. Fedha huokolewa Januari, Februari na Machi, ardhi ya milimani ikiwa imekauka na fungu limekonda. Lakini mashina ya Januari huzaliwa na mashina ya Julai. Anayeng'oa bustani yake kwa hofu ya baridi hukosa pia mama wa machipukizi, na Oktoba humkuta dukani akinunua mbegu upya.

MACHIPUKIZI, WADUDU NA MARADHI

Chipukizi huota kwenye kwapa la jani lililokwisha kuchumwa. Likifikia urefu wa kidole cha kati au kuzidi kidogo hubanduliwa kwa mkono, huondolewa majani makubwa, kisha hupandwa kivulini katika udongo wenye majimaji. Mwisho wa Septemba ndio wakati mzuri, ili mvua za vuli ziyakute yakiwa na mizizi. Huokoa muda wa kitalu na fedha ya mbegu, na mtu huwa na hakika kwamba mboga atakayopata ni sawa na ile anayoijua.

Lakini chipukizi hurithi pia maradhi ya mama yake. Maradhi mabaya kuliko yote ni uozo mweusi. Huanzia ukingoni mwa jani, doa la manjano lenye pembe tatu, ncha yake ikielekea katikati, na vishipa vya jani ndani ya doa lile huwa vyeusi. Ukikata shina lake huona mviringo mweusi ndani. Hakuna dawa ya kuponya. Shina la namna hiyo ling'olewe na kuondolewa bustanini, na jamii yote ya kabichi isipandwe mahali pale kwa misimu miwili au mitatu. Kumwomba jirani machipukizi ni jambo jema na ndiyo desturi ya mitaa hii, lakini mwombaji mwenye busara huyatazama kwanza majani ya shina mama, na jirani mwungwana hachukii.

Kwa upande wa wadudu kipupwe ni miezi ya nafuu. Vidukari, wale wadogo wa kijivu wanaojipanga chini ya jani kama unga uliomwagika, huzaana sana katika joto na ukavu, na baridi hupunguza mwendo wao. Vilevile viwavi vya kijani vya yule nondo mdogo ambaye hutoboa majani yakawa kama chujio. Wanaobaki ni konokono, wenye kombe na wasio na kombe, ambao hutoka usiku ardhi ikiwa na unyevu. Hao huokotwa kwa mkono alfajiri, kazi ya kuchukiza, wala hakuna sababu ya kununua sumu kwa ajili yao. Kunyunyiza dawa ya wadudu jioni juu ya mboga itakayochumwa kesho ni kosa kubwa kuliko mdudu mwenyewe. Kila dawa ina idadi ya siku za kungojwa iliyoandikwa kwenye chupa, na katika baridi dawa hukawia zaidi kuisha jani likiwa linakua polepole.

MWENYE GUNIA

Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilipangwa nyumba zikiwa na nafasi ya kijani kati yake. Buruburu ya miaka ya 1970 ina viua vya nyuma. Lakini sehemu kubwa ya Eastlands ya siku hizi, Kayole na Pipeline na ghorofa za Umoja, haina ardhi ya kutosha hata kaburi la paka. Huko limeingia gunia. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités liliwasaidia watu wa Kibera kulima katika magunia, wakipewa miche, na baadaye kazi hiyo ilifika Mathare pia.

Gunia la nailoni husimamishwa, na katikati yake huwekwa kopo kubwa lisilo na kitako. Kopo hujazwa kokoto na pembeni hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena, mpaka gunia lote limejaa na katikati pamesimama nguzo ya mawe. Maji humwagwa juu ya nguzo ile, nayo huyapeleka kila upande mpaka chini. Bila mawe, miche ya juu hufa kwa tope na ya chini kwa kiu. Matundu hutobolewa ubavuni kwa kupishana, mche mmoja kila tundu, na gunia moja huweza kubeba miche thelathini na zaidi.

Katika kipupwe gunia lina faida na taabu. Faida ni kwamba halishiki maji kama udongo mweusi wa chini. Taabu ni kwamba miche ya upande usioona mwanga hubaki mifupa. Gunia lisiegemezwe ukutani. Lisimame mahali linapoweza kuzungushwa robo duara kila juma, na hilo lifanywe na watu wawili wenye nguvu, au gunia liwekwe juu ya ubao tangu mwanzo.

UDONGO NA MAJI

Baridi imesingiziwa mengi, na wakati wote huo jambo lenye kudhuru kweli limepita bila kutajwa. Sukuma wiki huvuta kutoka ardhini mema na mabaya kwa pamoja, na katika Eastlands mabaya yapo.

Jaa la taka la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Nairobi, lilitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa hapo. Watoto na vijana 328 wanaoishi karibu na jaa walipimwa, na nusu yao walionekana kuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kilichokuwa kikihesabiwa na mataifa kuwa ni kikomo. Udongo wa jirani nao ulikutwa na risasi nyingi. Siku hizi waganga husema kwamba hakuna kiasi cha risasi kisicho na madhara kwa mtoto. Hupunguza damu, huharibu akili, na akili iliyoharibiwa hivyo hairudi kwa dawa.

Tena si Dandora peke yake. Kwa miaka mingi petroli ilitiwa risasi, mpaka ilipokomeshwa katika Afrika kusini ya Sahara mwanzoni mwa 2006. Moshi ulikwisha, lakini risasi iliyoanguka kandokando ya barabara kuu haikuondoka, kwa kuwa madini hayaozi. Mboga iliyopandwa ukingoni mwa Jogoo Road imesimama katika moshi wa magari ya tangu barabara ile ikiitwa Doonholm Road. Karakana za kuyeyusha betri kuukuu, na rangi za zamani zinazobanduka kutani, huongeza vyao.

Kisha kuna maji. Mto Ngong hupita katikati ya viwanda vya Industrial Area kabla ya kuufikia mto Nairobi, na huko Maili Saba karibu na Dandora wakulima wamekuwa wakifungua mabomba makuu ya maji machafu na kuyaongoza mashambani. Wasidharauliwe: maji yale yana rutuba, hayakauki Februari, nao wana watoto wa kusomesha. Lakini ni lazima watu watenganishe hatari mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo hufa mboga ikioshwa vizuri na kupikwa. Risasi na kadmiamu hazifi. Vumbi lililo juu ya jani huondoka kwa kuosha, na ni vema kuosha jani moja moja mara tatu kabla ya kulikatakata. Kile kilichokwisha kuingia ndani ya jani kwa njia ya mizizi hukaa mpaka sahanini.

Hapa ndipo kipupwe humsaidia mkulima wa mtaani kuliko majira yoyote. Mvua ya Julai ni manyunyu, haitoshi mboga, lakini kwa kuwa jua ni kidogo ardhi haikauki upesi. Ndoo moja ya maji safi hufanya kazi ambayo Februari ingetaka ndoo tatu. Maji ya kuoshea mchele na mboga, na yale ya kusuuzia nguo ambayo sabuni yake imekwisha kupungua, hutosha matuta mawili ya nyumbani. Mtu anaweza kuwa na udhuru wa kuteka maji ya mtoni katika kiangazi. Katika Julai hana.

Palipo na shaka ya udongo, gunia au debe lililojazwa udongo kutoka mahali pengine ni salama kuliko kiwanja kikubwa. Mahali penye shaka ndogo, samadi nyingi husaidia, na chokaa pia ikiwa udongo umechachuka, kwa sababu risasi hushikwa na ardhi ya namna hiyo na mizizi huvuta kidogo zaidi. Pia panafaa mimea ya matunda, kama nyanya na maharagwe, kuliko majani, kwa kuwa risasi haifiki upesi katika tunda.

Kwa habari ya ruhusa, mambo si kama zamani. Katika uchunguzi wa taasisi ya Mazingira wa mwaka 1985 jamaa 20 kati ya kila 100 za Nairobi walikuwa wakilima chakula ndani ya mji, ingawa wakati huo askari wa Baraza la Jiji waliweza kuja na mapanga kufyeka mahindi, mara nyingi kwa kisa cha mbu. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini. Hata hivyo sheria hiyo haimpi mtu kiwanja cha mwenziwe, wala ukingo wa mto, na anayekaa nyumba ya kaunti au ya kupanga yampasa kuzungumza na mwenye nyumba kabla ya kuinua jembe. Mitaa kadhaa ya zamani imepangiwa kujengwa upya kwa ghorofa, na gunia huhamishika kuliko tuta.

Anayetaka kujua udongo wake aweza kuupeleka kwenye maabara ya utafiti wa kilimo ya KALRO huko Kabete. Achimbe mahali kumi mbalimbali pa kiwanja chake, kina cha shubiri moja, achanganye udongo wote katika ndoo safi, atoe kiasi cha nusu kilo, aukaushe kivulini, autie katika mfuko mpya na kuandika juu yake jina lake, mtaa, na mmea anaotaka kupanda. Mfuko uliotumika kwa mbolea au saruji usitumike. Akifika aseme waziwazi kwamba anataka risasi nayo ipimwe, na aulize gharama yake kabla ya kukabidhi mfuko, kwa maana kipimo cha kawaida hutaja uchachu wa ardhi na vyakula vya mmea tu, na mtu huweza kurudi nyumbani Dandora na karatasi inayosifu udongo wake.